Nairobi mpaka New York na Mama: SGR 25, masaa 15 kwenda, 13 kurudi

Siku ya 1, Alhamisi

Mama ameingia leo na SGR, ile treni ya reli mpya ya Mombasa–Nairobi, ya saa tisa kutoka Miritini, Mombasa, saa mbili usiku nikawa niko Syokimau kwa kituo namsubiri, akashuka na mabegi mawili, kikapu, na lile daftari lake dogo la mistari ambalo anaandikia kila kitu, michango ya chama, dawa, nani alimkopa nini. Tunaenda New York kumuona dada yangu amejifungua. Mama ana miaka 68 na hajawahi kupanda ndege hata ya kuja Nairobi, siku zote ni basi na tangu 2017 ni SGR, kwahiyo mimi hii wiki yote nimekua na wasiwasi wa yale masaa, sio ndege yenyewe, ni masaa, magoti yake na kukaa.

Tumefika nyumbani South B, kabla hata hajala ameshafungua daftari ameandika Mombasa–Nairobi, kilomita 472, masaa 5, nauli 1,500. Alafu akaniuliza, "Sasa huko kwa dadako ni mbali kiasi gani?"

Nikamwambia kilomita 11,840 hivi. Akanyamaza. Nikaona hiyo namba haijamwambia kitu, na kusema kweli hata mimi hainiambii kitu, elfu kumi na moja mia nane na arobaini ni namba tu, hakuna mtu amewahi kuitembea akaijua kwa miguu. Nikachukua simu nikagawanya kwa 472. Inatoka 25, yani karibu 25 kamili kabisa, nikarudia mara mbili manake nilidhani nimekosea.

"Mama, ni SGR ishirini na tano."

"Za kwenda peke yake?"

"Za kwenda peke yake."

Hapo sasa akaelewa. Akaandika SGR 25 akapigia mstari chini, alafu akafanya hesabu mwenyewe ya masaa matano mara ishirini na tano, 125, siku tano na masaa matano bila kusimama. Nikamwambia ndege itachukua 15. Akaniangalia tu.

Kitu kimoja nimemuonyesha kabla hatujalala. Treni inaweza kukimbia mpaka kilomita 120 kwa saa, lakini ukigawanya 472 kwa masaa 5 unapata 94, kwasababu kuna kuondoka polepole na kupunguza mwendo na kungojana. Ndege ni ile ile habari. Watu wanasema inaenda 900 kwa saa, kwahiyo 11,840 gawanya kwa 900 ni masaa 13 na dakika kumi, mbona basi tiketi inasema 15? Nilimwambia ngoja tutaona njiani, na mimi pia nilitaka kuona kwa macho yangu ayo masaa mawili yanaenda wapi.

Siku ya 2, Ijumaa

Asubuhi Mama ameangalia ramani ya dunia kwa kalenda ya ukutani, akaweka kidole Nairobi akakiburuta moja kwa moja mpaka New York, kikapita Kongo, Kameruni, kikatoka baharini pale Afrika Magharibi, kikakatiza Atlantiki. Nikamwambia ndege haitapita hapo, itapanda juu kuelekea jangwani, Chadi, Niger, Aljeria, itokee karibu na Moroko ndio iingie baharini. Akasema hiyo si ndio kuzunguka?

Nikachukua chungwa na uzi. Nimechora doti mbili na kalamu, moja katikati ya chungwa kidogo tu chini ya kiuno, hiyo Nairobi, ingine juu upande wa kushoto, hiyo New York, nikauvuta uzi ukakaza. Uzi wenyewe ukapanda juu. Hakuna aliyeulazimisha, ukivuta kamba juu ya kitu cha mviringo inajitafutia njia fupi. Ile njia ya kidole ya kwenye kalenda ukiipima ni zaidi ya kilomita 12,180, imezidi kwa kama 350, ambayo ni karibu robo tatu ya SGR ya bure. Mama ameushika ule uzi muda mrefu, ameulegeza, ameukaza tena, mara tatu nne. Alafu tukalila lile chungwa.

Nikamkumbusha pia hii njia ya moja kwa moja sio ya zamani. Ndege ya kwanza ya Kenya Airways kutoka Nairobi mpaka New York bila kusimama iliruka tarehe 28 Oktoba 2018, kabla ya hapo ilikua lazima ubadilishe mahali. Mimi 2016 nilienda kwa kupitia London. Ukiangalia kilomita peke yake utashangaa, Nairobi London ni kama 6,840, London New York kama 5,540, jumla 12,380, yani umeongeza 540 tu. SGR moja na kitu. Lakini nilitumia masaa 24 kutoka uwanja hadi uwanja, kwasababu London nilikaa kwenye kiti masaa saba nangoja ndege ya pili, na ayo masaa saba hayakunisogeza hata mita moja. Ndio maana nikitafuta tiketi siku izi siangalii kilomita kabisa, naangalia nitakaa chini wapi na kwa muda gani. Ukipitia Doha ndio kilomita nazo zinaongezeka kweli, unaenda kwanza mashariki alafu unarudi magharibi, jumla inavuka 14,000, lakini kama kungojea kwenyewe ni kufupi unaweza ukafika mapema kuliko wa London mwenye kungoja kurefu.

Mama alisali Magharibi nyumbani, saa moja usiku tukatoka. Mombasa Road ilikua na foleni ya Ijumaa. Kuingia uwanjani kuna kushuka kwenye gari, kukaguliwa, kupanda tena, alafu mashine tena, viatu, mkanda, alafu kwa sababu tunaenda Marekani kuna kukaguliwa kwengine pale karibu na geti. Bodingi pasi imeandikwa 23:25, Mama akauliza hii saa ishirini na tatu ndio saa ngapi, nikamwambia saa tano na dakika ishirini na tano usiku, akaandika ya kwetu. Isha alisali kwenye chumba cha kusalia hapo hapo uwanjani.

Nilimvalisha zile soksi za kubana daktari alizomwambia, za kuzuia damu isigande miguuni ukikaa sana. Alikataa kidogo kisha akakubali.

Siku ya 3, Jumamosi

Hii siku imeanza tukiwa bado chini. Tulitoka getini saa tano na dakika ishirini na tano, tukazunguka polepole, tukangojea zamu yetu, magurudumu yakaachana na ardhi saa sita na dakika tano usiku. Nimeandika hiyo dakika kwasababu kwangu mimi hapo ndio safari ya hewani inaanza, lakini kwenye tiketi zile 15 zinaanza kuhesabiwa mlango ukifungwa na ndege ikisukumwa nyuma. Tayari dakika 40 kwenye masaa 15 sio za kuruka, ni za kuzunguka.

Kuruka kwenyewe sasa. Nairobi uwanja uko mita 1,624 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na hii ndege inabeba mafuta ya kwenda mpaka ng'ambo, shirika lilipotangaza hii njia lilisema ni kama tani 85 za mafuta kila upande na marubani wanne wa kupokezana. Hewa nyepesi inashika mabawa vibaya na injini inapata nguvu kidogo, kwahiyo lazima ukimbie sana ndio unyanyuke, na ndio maana pia usiku ni afadhali kuliko mchana, baridi inaifanya hewa iwe nzito kidogo. Njia ya kurukia pale ni kilomita nne na zaidi. Nilihesabu kimoyomoyo, elfu moja na moja, elfu moja na mbili, nikafika hamsini na bado tunakimbia. Mama alishika mkono wangu na ule mkono mwengine akashika daftari.

Alafu zile taa za chini zikawa ndogo. Hakusema kitu mpaka tulipotulia ndio akauliza, "Tumeshafika SGR ya ngapi?"

Basi huo ukawa ndio mchezo wetu wa usiku wote. Ukiwa umetulia juu, kilomita 472 ni kama dakika 33, 34, kwahiyo kila nusu saa na kitu tunaweka alama. Niligundua kumbe hesabu ya namna hii inasaidia sana, mtu akikaa masaa 15 anangojea mwisho atachoka, lakini akingojea nusu saa, hiyo anaiweza. Kila SGR nne tunasimama, tunatembea mpaka nyuma kwa wahudumu, anainua visigino mara kumi, anapewa maji, tunarudi. Wale wahudumu walimzoea, mmoja akawa anamuuliza "Mama, ya ngapi sasa?"

Nilikua na hofu ya masikio yake na pumzi, yeye ni mtu wa pwani, usawa wa bahari. Lakini hii Boeing 787 hewa yake ya ndani inawekwa kama ya mlima wa mita 1,800 hivi, ndege za zamani ni kama 2,400. Mita 1,800 ni karibu na Nairobi tu. Yani nje tuko kilomita kumi na moja angani, ndani mwili unaona uko kama Kabete. Alilala vizuri kutoka SGR ya tano mpaka ya tisa.

Kwenye skrini ya kiti kuna ramani na namba, nimezikodolea macho mpaka zikaniuma. Kasi ya ardhini, juu ya Kongo na Afrika ya Kati tulikua 880, 890. Tulipoanza kuingia Sahara ikashuka 830. Juu ya Aljeria 770, na baharini kuna wakati niliona 742. Injini zile zile, sauti ile ile, rubani hajapunguza chochote. Ni upepo. Kule juu kuna upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kama mto, wakati wa baridi ya huko kaskazini ndio unakua mkali zaidi, unaweza kuvuka kilomita 160 kwa saa kirahisi na mara nyingine mara mbili ya hapo. Na sisi Januari tunaupanda usoni. Haya basi, yale masaa mawili yaliyonisumbua siku ya kwanza nimeyaona, mengi yako hapo.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

Mama hakubadilisha saa yake ya mkononi, aliiacha ya Mombasa. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri akaamka mwenyewe kama kawaida yake, akaniambia nifungue dirisha. Hii ndege haina kile kipazia cha kuvuta, ina kitufe, unabonyeza kioo kinatoka kwenye kiza polepole. Nje ni giza. Akangoja. Saa kumi na mbili, giza. Saa moja, saa mbili asubuhi, saa ambayo Mombasa watu washakunywa chai wako kazini, nje giza totoro na nyota. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, alfajiri haiji?"

Nikamwambia inakuja, inatufukuza, lakini na sisi tunaikimbia, tunaenda upande ule ule linaoelekea jua. Anasali kwa anachokiona nje sio kwa saa, hilo analijua, kwahiyo akabaki na udhu wake anaangalia nyuma ya bawa. Saa tano na nusu asubuhi kwa saa yake ndio ukatokea mstari. Mwembamba, wa kijivu, alafu chini yake rangi kama ya ganda la chungwa, nyuma kabisa kushoto. Alisali kwenye kiti.

Na ule mstari ukakaa hapo hapo. Mombasa alfajiri ikishaanza ndani ya saa moja na kidogo jua limeshatoka, hii ya leo ilikaa masaa matatu na zaidi, haiwi jua, haizimi, imesimama tu nyuma yetu muda wote wa Atlantiki. Kila nikimuangalia Mama kakodoa kwenye kioo. Tumetua saa nane na dakika arobaini mchana ya Nairobi, huko ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi ile ile, na jua bado halijachomoza. Limechomoza tukiwa kwenye foleni ya uhamiaji, kuna vioo virefu upande mmoja, watu wote wakageuka. Nimepiga hesabu, Ijumaa jua lilizama Nairobi kwenye saa moja kasoro, mpaka hapo ni masaa 20 na nusu hatujaliona.

Hewani: masaa 14 na dakika 35. Ukigawanya 11,840 kwa hapo unapata 812 kwa saa.

Foleni, mabegi, forodha (alitangaza achari na kashata zake, wakamuuliza kama ana nyama, hana, wakamuacha), alafu gari mpaka Jersey City, ng'ambo tu ya mto kutoka New York, anakokaa dada. Mlango kwa mlango, South B mpaka kwa dada: masaa 22 na dakika 50. Yani katika hayo, masaa 8 na robo hatukua hewani. Watu wakikuuliza ni mbali kiasi gani ukasema masaa 15, hujawadanganya, lakini huyo anayekuja kukupokea mwambie 23.

Dada kafungua mlango na mtoto mkononi. Hapo daftari likawekwa chini.

Siku ya 4 na ya 5

Saa nane za usiku Mama yuko macho jikoni anakuna nazi. Kwa mwili wake ni saa nne asubuhi. Tofauti ni masaa 8 msimu huu wa baridi, wakisogeza saa zao mwezi wa tatu itakua 7. Saa kumi na mbili jioni anasinzia na mtoto kifuani. Yeye na mtoto wanakesha pamoja, dada analala, kwahiyo nimeamua sitamlazimisha kuzoea haraka.

Siku ya 9

Amezoea. Imechukua karibu siku moja kwa kila saa, kama wanavyosema.

Siku ya 19, Jumatatu

Leo tunarudi. Sitaandika ya kuagana.

Tumetoka mlangoni saa mbili na nusu asubuhi, theluji imerundikwa kando ya barabara, nyeusi nyeusi. Ndege ikapaa saa saba kasoro dakika mbili mchana. Uwanja wa hapa uko mita nne tu juu ya bahari na baridi hii hewa ni nzito, niliona tofauti, tulikimbia muda mfupi kabisa tukawa juu.

Mama ameshika dirisha. Hatujamaliza masaa mawili na nusu jua hilo likazama nyuma yetu, New York saa hizo ni saa tisa na kitu mchana, watoto ndio kwanza wanatoka shule. Kwenda tulilikimbia, kurudi tumelikuta tukalipita.

Nikamuonyesha namba kwenye skrini. 1,040. Baadae 1,075. Akatoa daftari akafungua ukurasa wa kwenda ambapo tuliandika 742 baharini, akalinganisha, akaniuliza mbona njia ni moja, SGR ni 25 zile zile. Nikaanza kueleza ule mto wa hewa, unatoka magharibi unaenda mashariki, sijamaliza sentensi akanikata.

"Kumbe ni kaskazi na kusi."

Babu yetu, babake, alikua baharia wa majahazi. Mama akanieleza yeye sasa, na hakuna mtu amewahi kunieleza hii kitu vizuri kuliko hivyo. Jahazi la kwenda Lamu ukiondoka wakati wa kusi, upepo uko mgongoni, unafika upesi na unga umebaki. Ukiondoka wakati wa kaskazi, upepo uko usoni, bahari ni ile ile, Lamu haijasogea, lakini utapiga bisho kushoto na kulia mpaka unga uishe. Kwahiyo nahodha ukimuuliza Lamu ni mbali kiasi gani, na yeye atakuuliza, mwezi gani? Babu hakua na kilomita, alikua na miezi. Akasema tofauti ya hawa marubani ni kwamba upepo wao hauna kurudi, unavuma upande mmoja tu mwaka mzima, kwahiyo wa kwenda ndio ataumia siku zote. Nikamwambia wanakwepa kidogo, kila siku wanaangalia upepo uko wapi wanachagua njia, wakati mwengine wanaongeza kilomita makusudi ili wapunguze masaa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu anayemjua. "Ndio bisho hilo."

Niliandika maneno yake kwa daftari lake mwenyewe, nyuma.

Siku ya 20, Jumanne

Alfajiri ya leo tuliikaribia kwa kasi, sio yenyewe kutufukuza. Mstari umetokea mbele, na kama dakika arobaini tu jua zima likawa limetoka, kule juu ya Afrika ya Kati, saa mbili kasoro robo ya nyumbani. Mama alikua tayari na udhu, safari hii alijua itakuja haraka, nilimwambia mapema.

Magurudumu yamegusa Nairobi saa nne kasoro dakika saba asubuhi. Hewani masaa 12 na dakika 55, kwenda ilikua 14 na 35, tofauti saa moja na dakika arobaini, na njia ni 11,840 ile ile. Wastani 916 kwa saa. Mlango kwa mlango masaa 19 na dakika 10. Mabegi yalitoka haraka, Mombasa Road ilikua nyeupe.

Ila mwili, kurudi ndio kugumu. Kwenda unarefushiwa siku, unalala umechelewa, mwili unakubali. Kurudi unanyang'anywa masaa nane, unaambiwa ulale wakati ambao huna hata lepe. Saa tisa za usiku natype hii na chumba cha pili nasikia kurasa zinafunuliwa.

Siku ya 21, Jumatano

Nimempeleka Syokimau treni ya mchana. Nilitaka akae siku mbili zaidi apumzike akakataa, chama chao ni kesho na yeye ndio mweka hazina.

Amenipigia saa tatu usiku ameshafika Changamwe. Jirani alikua ameshaingia kumuamkia, nikasikia huyo jirani kwa nyuma anamuuliza, sasa huko Amerika ni mbali kiasi gani? Mama hakutoa kilomita wala masaa. Nikamsikia anavuta kiti anasema, "Kaa kwanza. Unaenda mwezi gani?"